Flashi nje ya kamera: Mwanga bora kwa mtaji mdogo

MPIGA picha wa mtaani siku hizi anashindana na simu. Mteja wa harusi, kipaimara au mahafali ana kamera mfukoni mwake, na hawezi kulipia picha ambayo hata shemeji yake angeipiga bure. Kinachomtofautisha mwenye kazi na mwalikwa ni mwanga, na njia nafuu ya kupata mwanga mzuri ni kuiondoa flashi juu ya kamera na kuiweka pembeni.

Flashi iliyokaa juu ya kamera humulika uso moja kwa moja. Uso huonekana bapa, paji la uso hung'aa na kivuli cheusi hujichora ukutani. Flashi hiyo hiyo ikiwekwa kwenye stendi pembeni, juu kidogo ya kichwa cha anayepigwa, na mwanga wake ukapita kwenye mwavuli mweupe, uso hupata umbo na vivuli hulainika. Hata mfanyabiashara anayepiga picha za chupa za asali, vikapu au vitenge ili kuwatumia wateja hunufaika kwa njia hiyo hiyo.

Kazi inayobaki ni kuifanya flashi iwake wakati ule ule kamera inapopiga. Zipo njia tatu za gharama nafuu.

Ya kwanza ni waya. Unaunganisha kamera na flashi, na kazi inakwisha. Kamera isiyo na tundu la waya huo inaweza kutumia adapta inayochomekwa pale juu inapokaa flashi. Waya hauhitaji betri na hausumbuliwi na jua. Kasoro yake ni urefu mdogo, na katika ukumbi wenye watu wengi mtu anaweza kujikwaa na kuiangusha flashi pamoja na stendi. Kwa studio ndogo ya picha za pasipoti na familia, waya unatosha kabisa.

Njia ya pili ni jicho la mwanga. Hiki ni kifaa kidogo kinachohisi mmweko wa flashi nyingine na kuiwasha ya kwako papo hapo. Baadhi ya flashi za bei nafuu, kama Yongnuo YN560 na Godox TT600, huja na jicho hilo ndani. Flashi ndogo ya kamera ndiyo inayotoa ishara.

Hapa wengi hukwama. Flashi ya kamera ikiachwa ijipangie mwanga yenyewe, hutoa mmweko mdogo wa kupima kabla ya picha. Jicho huuona huo, flashi ya pembeni inawaka mapema, na picha inatoka giza. Dawa yake ni kuiweka flashi ya kamera katika mpango wa mkono, kwa nguvu ndogo. Kama kamera hairuhusu, flashi ya pembeni iwekwe kwenye alama ya S2, ambayo hupuuza mmweko wa kwanza. Jicho pia huchoka kwenye jua kali, na katika harusi yenye wapiga picha wengi litaitikia flashi ya kila mmoja wao.

Njia ya tatu ni redio. Kifaa kimoja hukaa juu ya kamera, kingine kwenye flashi. Zamani vifaa hivi vilikuwa vya studio kubwa, lakini viwanda vya China vikashusha bei. Redio hupita nyuma ya nguzo na kufanya kazi juani, na watengenezaji wengi hutaja umbali wa hadi mita 100 mahali pa wazi. Gharama yake ni kifaa kingine cha kununulia betri. Betri za kuchaji hupunguza mzigo huo.

Redio nyingi za bei ya chini hutuma ishara ya kuwasha tu, hivyo nguvu ya mwanga hupangwa kwa mkono. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Flashi iliyotoka mita moja hadi mita mbili inahitaji nguvu mara nne. Kasi ya kamera nayo isizidi ile iliyowekwa kwa flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukizidisha, sehemu ya picha hutoka na utepe mweusi.

Hatari kubwa iko kwenye flashi kuukuu za mitumba. Baadhi ya zile za zama za filamu, zikiwemo Vivitar 283 za mwanzo, hurudisha zaidi ya volti 200 kwenye kamera. Kamera za filamu za wakati huo zilivumilia, lakini ya dijitali inaweza kuungua, na hapo mtaji wote umekwenda. Baadhi ya kamera huvumilia hadi volti 250, nyingine hazifiki huko. Kitabu cha kamera ndicho cha kufuata.

Kupima ni rahisi. Weka betri mpya, washa flashi na usubiri taa yake ionyeshe iko tayari. Tumia mita ya fundi umeme, upande wa umeme wa betri, ukianzia kipimo cha juu. Ncha moja iguse kitufe cha katikati chini ya flashi, nyingine iguse chuma cha pembeni. Usiifungue flashi, kwani ndani yake umeme mkali hubaki hata ikiwa imezimwa.

Kwa anayeanza, busara ni kununua kwanza flashi mpya yenye jicho, stendi na mwavuli, kisha kufanya mazoezi nyumbani. Redio inunuliwe kwa fedha ya kazi, si ya mkopo. Na siku ya harusi waya ubaki kwenye mkoba, maana maharusi hawavishani pete mara ya pili kwa sababu betri ya mpiga picha imekwisha.