Mbu wa masika hawamalizwi na nyumba moja

MVUA za masika zinapoanza kunyesha Pwani, mtaa hubadilika sura. Nyasi huchipuka kando ya vichochoro, mchicha hujiotea nyuma ya nyumba, na mwembe uliojaa vumbi hung'aa tena. Lakini si mimea peke yake inayopata uhai. Katika kopo lililotupwa, gurudumu kuukuu na pipa lisilofunikwa, mbu naye huanza kukua.

Wakazi wa Mombasa wanaujua uchungu wake. Mnamo 2013 na 2014 mji huo ulikumbwa na homa ya dengi, na kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ukakumbwa na chikungunya. Jina hili la pili ni la Kimakonde, na lina maana ya kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopindwa na maumivu ya viungo. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, baada ya mkurupuko wa 1952.

Maradhi haya mawili huenezwa na mbu aitwaye Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni. Tofauti na mbu wa malaria, huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua. Kwa hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi, ingawa humfaa sana mtoto anayelala mchana.

Wengi hudhani kwamba wakifyeka nyasi wamemaliza kazi. Hawajamaliza. Mbu hujificha kivulini, lakini huzaliana katika maji yaliyotulia vyomboni. Na kwa kuwa maji ya mfereji hukatika mara kwa mara, nyumba nyingi huweka akiba katika mapipa na mitungi. Hapo ndipo mbu anapopata makao.

Kumwaga maji nako hakutoshi. Mbu jike hubandika mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi, kisha yakaanguliwa mara yanapofikiwa na maji. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku saba hadi kumi. Ndiyo sababu tunashauriwa kusugua kuta za vyombo kwa brashi mara moja kila wiki, na kuvifunika barabara.

Je, jirani anahusikaje? Mbu huyu haendi mbali. Kwa kawaida huishi karibu na alipozaliwa, mwendo wa mita mia chache tu. Aliyemuuma mtoto wako yamkini alizaliwa uani kwako au kwa jirani. Ukisafisha peke yako, wa jirani atavuka ua. Mkisafisha nyote, hatakuwa na pa kuzaliana.

Basi kubalianeni siku moja ya wiki, tuseme Jumamosi asubuhi. Mwombeni mzee wa mtaa na wahudumu wa afya ya jamii wawaongoze. Toboeni makopo na magurudumu yanayopandwa sukuma wiki ili maji yasituame. Zibueni michirizi ya mabati. Msisahau kiwanja kisicho na mwenyewe, kwani ndicho kinachosahauliwa na wote. Anayekawia kujiunga msimlaumu. Pigeni hodi, mwonyesheni viluwiluwi wakichezacheza ndani ya pipa lake. Aghalabu hilo hutosha.

Endapo mtu atashikwa na homa kali ya ghafla, maumivu ya viungo au ya nyuma ya macho, apelekwe kliniki apimwe, na malaria pia. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji kwa wingi na hutulizwa kwa parasetamoli. Asipewe aspirini wala ibuprofeni kabla dengi haijaondolewa shaka, kwani huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Na homa ikishuka, msibweteke: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au damu kwenye fizi ni dalili za kumkimbiza hospitalini mara moja.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mbu wa masika naye hamalizwi na nyumba moja.