Kamba, Sahani na Daftari

Sogeeni, wadogo zangu, tupande mtumbwi hapa Uvira, niwaonyeshe masomo makubwa yanapoanzia.

Shikeni sahani hii ya duara: robo mbili nyeupe, robo mbili nyeusi. Kamba yake ina fundo kila mita. Ishusheni polepole mkihesabu mafundo. Sasa haionekani tena? Andikeni: fundo la ngapi, saa ngapi, jua liko wapi. Padri Mwitalia, Angelo Secchi, alipima uangavu wa maji kwa kushusha sahani mwaka 1865, na mpaka leo wataalamu wa maziwa wanatumia sahani ya namna hiyo.

Mvua ikinyesha, rudini palepale, karibu na mto Mulongwe unapoingia ziwani. Sahani itapotea mapema mno. Kwa nini? Inueni macho muitazame milima ya Mitumba. Mteremko uliokatwa miti hauushiki udongo. Mvua huuteremsha hadi ziwani, ukafunika mawe ambako samaki wengi hula ukoga na kutaga mayai. Aprili 2020 Mulongwe ulipofurika ulibeba nyumba na watu. Msidhani basi kwamba tunapima maji kwa mchezo.

Mji wetu una Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, Mradi wa Nyanza wa Chuo Kikuu cha Arizona uliwakutanisha wanafunzi wa Marekani na wa nchi zetu kuanzia 1998. Wengi walikuwa bado wa shahada ya kwanza, lakini kila mmoja alibeba swali lake mpaka ziwani na kurudi na ripoti. Naupenda sana mpango huo: kijana hakuambiwa asubiri kwanza awe mkubwa ndipo aulize.

Kwetu Kongo, kazi ya namna hiyo tuliijua kwa jina la TFC, yaani kazi ya kumaliza mzunguko wa masomo (travail de fin de cycle). Katika mfumo wa zamani ulisoma graduwa miaka mitatu, ukaandika TFC, ndipo ukaendelea na lisansi miaka miwili. Wengi chuo chao kiliishia graduwa, wakafunga mizigo kwenda Bukavu. Fikirini kijana wa namna hiyo: chuo kigeni, darasa limejaa, hakuna anayemjua. Profesa anamuuliza, "Wasema maji yalichafuka. Ulijuaje?"

Anafungua daftari lenye madoa ya maji. "Tarehe hii, saa mbili asubuhi, fundo la tisa. Kesho yake, baada ya mvua, fundo la pili. Nilirudia mara tatu, Profesa."

Profesa anavuta kiti.