Neno "Kinanda" na Kinanda cha Umeme cha Nyumbani: Maelezo juu ya Kukipiga na Kunasa Sauti Yake

Kiswahili kina neno moja, kinanda, linalobeba ala nyingi zisizofanana. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yalieleza neno hili kwanza kuwa ni jina la ala ya nyuzi, kisha yaongeza kwamba hutumika pia kwa ala nyingi za Kizungu, piano na ogani zikiwa miongoni mwake. Katika taarabu ya kisasa, iliyoshamiri tangu miaka ya 1990, neno hilo hilo ndilo jina la ala ya umeme yenye vibao vya kubonyeza. Makala haya yanakusudia kueleza namna kinanda cha umeme cha nyumbani kinavyotoa sauti, kinavyopigwa, na sauti yake inavyonaswa. Na papo hapo kupima kama maneno tuliyo nayo yatosha kwa kazi hiyo. Swali hili lina uzito wake. Mtu anayefuata maelekezo ya Kiswahili asijue "kipaza sauti" kilichotajwa ni chombo kipi, ataharibu kazi yenyewe.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba ugomvi juu ya jina la ala hii si wetu peke yetu. Laurens Hammond, fundi wa saa za umeme wa Chicago, alipata hataza ya kinanda chake mwaka 1934, na mwaka 1935 kikaanza kuuzwa. Waundaji wa ogani za kanisani, zenye mabomba ya upepo, walilalamika: chombo kisicho na bomba hata moja chawezaje kuitwa ogani? Shauri lilifika mbele ya Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani. Mwaka 1937, katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, wanamuziki na wanafunzi walisikilizishwa ogani ya mabomba na kinanda cha Hammond pasipo kuona kipi kinapigwa, nao wakakosea mara nyingi. Mwaka 1938 Tume ilimkataza Hammond kudai kwamba kinanda chake chaweza kutoa rangi zote za sauti za ogani ya mabomba. Lakini jina la ogani likabaki kutumika. Kwa Mswahili shauri hilo lisingekuwapo, maana neno kinanda lilikwisha kuvuka kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye upepo bila ya mtu ye yote kwenda barazani. Jina limefuata kazi ya ala, halikufuata kilichomo ndani yake.

Hata hivyo, anayetaka kunasa sauti hana budi kujua kilichomo ndani. Katika kinanda cha Hammond mna magurudumu madogo ya chuma yenye meno ukingoni. Vinanda vikubwa kama B-3 vina magurudumu 91. Kila gurudumu huzunguka karibu na sumaku iliyozungushiwa waya, na kila jino lipitapo huzusha mtikisiko mmoja wa umeme. Gurudumu lenye meno 16 likizunguka mara 27.5 kwa sekunde hutoa mitikisiko 440, nayo ndiyo sauti ya La ambayo wanamuziki hulinganishia ala zao. Mpigaji hachagui kidatu tu, bali huchagua pia rangi ya sauti kwa vijiti 9 vya kuvuta. Kila kijiti huongeza sehemu mojawapo ya sauti kwa ngazi 8, kuanzia sauti ya msingi hadi zile za juu zinazofuatana nayo. Mwanafonetiki ataliona jambo hili kuwa si geni kwake. Irabu /a/ na irabu /u/ zaweza kutamkwa kwa kidatu kimoja, na zikatofautiana kwa sababu kinywa kimezipa nguvu sehemu mbalimbali za sauti ile. Vijiti vya kuvuta ndivyo kinywa cha kinanda.

Kwa ajili ya nyumbani, kampuni ya Hammond ilianza kutengeneza, mwishoni mwa miaka ya 1940, vinanda vidogo vya aina ya M, vyenye safu mbili za vibao 44 na makanyagio 12 ya sauti nzito. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa Electone yake ya kwanza, D-1, mwaka 1959, isiyotumia magurudumu. Mtindo wa kupiga ni mmoja aghalabu: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, mguu wa kushoto kwenye makanyagio, na mguu wa kulia kwenye kanyagio moja la kukuza na kupunguza sauti.

Hapa ndipo kitenzi chetu kinapohitaji kuangaliwa. Twasema "kupiga kinanda" kama tusemavyo kupiga ngoma. Kwa piano kitenzi hicho chaafikiana kabisa na tendo: nyundo hupiga uzi, na sauti hufifia hata kidole kikiwa bado kibaoni. Kinanda cha umeme chenye sauti ya ogani hakina tabia hiyo. Sauti huanza kwa nguvu yake yote, hudumu kadiri kibao kinavyoshikiliwa, na hukatika kidole kinapoinuka. Kubonyeza kwa nguvu hakuongezi cho chote. Ukubwa wa sauti umo katika mguu wa kulia. Ustadi basi uko katika kuachia zaidi kuliko katika kupiga. Anayetoka kwenye piano huinua vidole mapema, na wimbo wake hukatika-katika. Dawa yake ni kushikilia kibao hadi kidole kingine kifike. Mwalimu na aendelee kusema "piga kinanda", kwa kuwa piga katika Kiswahili hubeba matendo mengi, kama vile kupiga pasi na kupiga simu. Lakini katika kufundisha vidole, atumie shika na achia.

Jambo jingine ni ule mlio mdogo mkavu unaosikika kibao kinapobonyezwa, utokanao na ncha za chuma zinazokutana ndani. Waundaji waliuona kuwa kasoro. Wapigaji wa jazi wakaupenda. Kwa kuwa Kiswahili kina neno kidoko, ambalo wanaisimu hulitumia kwa sauti za lugha kama Kisandawe na Kihadza, napendekeza mlio huu uitwe kidoko cha kibao.

Sasa tuje kwenye kunasa. Nasa ni kitenzi cha mtegaji, nacho chafaa, kwani sauti hupita mara moja na kutoweka. Matatizo yamo katika "kipaza sauti", jina ambalo watu huliita chombo kinachopokea sauti na pia kile kinachoitoa. Katika maelezo yafuatayo mikrofoni ni kinachopokea, na spika ni kinachotoa.

Njia ya kwanza ni kuunganisha kinanda na kinasa sauti, au na kompyuta, kwa waya utokao kwenye tundu lililowekwa kwa kazi hiyo. Kelele za nyumbani hazitaingia. Asiunganishe mtu kinasa sauti na waya wa spika wa kinanda cha zamani, maana umeme wake wapita kiasi kinachovumilika. Njia ya pili ni mikrofoni mbele ya spika. Hiyo haina budi kwa spika aliyoibuni Donald Leslie, ambayo pembe yake ya juu huzunguka: karibu mara 6 au 7 kwa sekunde katika mwendo wa kasi, na chini ya mara moja katika mwendo wa pole. Mdomo wa pembe ukikaribia, kidatu hupanda kidogo. Ukienda mbali, hushuka. Mikrofoni mbili pande mbili za pembe, na moja chini kwa sauti nzito, hunasa mzunguko huo. Zikiwa karibu mno hunasa upepo wa pembe pia. Kabla ya kuanza, vijiti vivutwe kama vitakavyotumika, vibao vingi na kanyagio zito vibonyezwe pamoja, mguu wa kulia ukandamize hadi mwisho, ndipo kiwango cha kinasa sauti kipangwe. Sauti haitapita hapo.

Lipo onyo moja linalotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Mota ya kinanda cha magurudumu hufuata mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani una mizunguko 60 kwa sekunde. Wa Tanzania na Kenya una 50. Kinanda kilichoundwa kwa ajili ya Marekani kikitumika hapa, gurudumu letu la meno 16 litazunguka karibu mara 22.9, na ile La ya 440 itakuwa karibu 367. Yaani sauti zote zitashuka kwa nusu toni tatu na ziada kidogo. Transfoma hupunguza nguvu ya umeme tu, haibadili mizunguko. Hapana budi kupata chombo cha kugeuza mizunguko, au kinanda cha mizunguko 50, ambacho Hammond walikitengeneza kwa nchi zenye umeme wa namna hiyo. Vinanda vya elektroniki vya leo havina taabu hii.

Kwa muhtasari, neno kinanda libaki kama lilivyo, likifuatwa na maelezo pale yanapohitajika: kinanda cha nyuzi, cha upepo, cha magurudumu, cha elektroniki. "Kipaza sauti" kiachiwe kinachopaza, kama kitenzi chake kinavyodai, na kinachopokea kiitwe mikrofoni. Maneno mengine yote ya kazi hii, yaani vibao, makanyagio, shika, achia, nasa, tumeyakuta tayari lugha ikiwa nayo.