Hati Iandikwe kwa Jina la Nani?

Kikundi cha wazee kikitaka mahali pa kukutania mjini Mpanda, mara nyingi huanza kwa kuazima: chumba katika ofisi ya kata, darasa lisilotumika, ukumbi wa kanisa. Hakuna ubaya. Ila mtendaji akihamishwa, au darasa likihitajika, wazee hutolewa nje. Ndipo harambee ya tofali inapoanza, na hapo ndipo ninapowaomba wangoje kidogo. Kituo hudumu kwa hati kabla ya kudumu kwa ukuta.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake; sisi hupewa haki ya kuitumia. Katika viwanja vilivyopimwa vya Manispaa ya Mpanda haki hiyo hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa muda usiozidi miaka 99. Vijijini hutumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo: halmashauri ya kijiji hugawa ardhi, lakini baada tu ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Hakikisheni muhtasari wa mkutano huo umeandikwa na kusainiwa, nanyi mbaki na nakala. Msiidharau hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria inaipa uzito sawa na hati ya mjini.

Linaloniumiza zaidi ni jina linaloandikwa kwenye hati hiyo. Wanakikundi humwandikisha mwenyekiti kwa sababu wanamwamini, na kweli ni mwaminifu. Siku akifariki, kiwanja kinaingizwa kwenye mirathi, na mwanawe anayeishi mbali hana sababu ya kujua kwamba baba alikishika kwa niaba ya wenzake. Mtaa mzima unaweza kutoa ushahidi na kesi bado ikachukua miaka ambayo wazee hawana.

Dawa yake ipo: sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Kikundi huteua wadhamini, kisha huomba Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) uwasajili kuwa chombo kimoja kisheria. Mdhamini hufa, mwingine hujiuzulu, chombo kinabaki na ardhi inabaki mikononi mwake. Watu wa pwani wameizoea fikra hii kupitia wakfu, mali isiyouzwa wala kurithiwa. Mkoa wa Katavi, ilipo Mpanda, nao una mfano wake Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa kituo kilichokuwapo hapo mwaka 1885, na Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa akasomea utabibu, alitibu watu hapo tangu 1889 hadi kifo chake mwaka 1956. Wahudumu wamepishana kizazi baada ya kizazi, misheni ipo.

Mtu akijitolea nyumba, mshukuruni, kisha mwombeni aandike. Ahadi ya mkutanoni, hata ikipigiwa makofi, haihamishi miliki. Uhamisho uwe wa maandishi na usajiliwe. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenzi wake ipatikane. Kiwanja cha makazi nacho kinahitaji kibali cha kubadilisha matumizi.

Fikirieni pia kituo ni cha nani, na kiwe wapi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 humhesabu mzee kuanzia miaka 60. Kijana wa miaka 20 aliyekimbia Burundi mwaka 1972 na kupokewa katika makazi ya Katumba sasa amevuka 70, na wengi wa kizazi chake ni raia wa Tanzania. Mtu aliyeishi miongo mingi katika makazi ya wakimbizi anastahili kuzeekea mahali ambapo hatahamishwa tena. Kwake, na kwa yeyote anayetembelea fimbo, kituo kiwe jirani na zahanati au kituo cha afya, kwenye barabara inayopitika hata mvua za Januari zikikolea.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza tofali, nendeni idara ya ardhi ya halmashauri mkaombe kuona mchoro wa mipango miji wa kata yenu. Tafuteni viwanja vilivyotengwa kwa huduma za jamii na ambavyo bado havijagawiwa, kisha andikeni barua ya maombi mapema. Usajili wa wadhamini unaweza kuendelea sambamba nayo.