Niliwaandikia wa ng'ambo insha za fasihi, yangu ikanishinda

SAA saba za usiku, muhula wa mwisho wa mwaka wa nne, nilikuwa kwenye bedsita yangu nikiandika kurasa sita kuhusu Hamlet. Hazikuwa zangu. Zilikuwa za mwanafunzi fulani wa Marekani ambaye sikuwahi kulijua jina lake, na alizitaka kabla ya kupambazuka huku kwetu. Kando ya kipakatalishi kulikuwa na riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, imefunguliwa ukurasa ule ule kwa wiki mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Makomredi wanaijua biashara hii. Unakodi akaunti ya mtu aliyekutangulia, unachukua oda, unaandika, mnagawana pesa. Ndiyo iliyonilipia nyumba HELB ilipochelewa, na sitajifanya hapa kwamba nilikosa usingizi kwa sababu ya dhamiri. Nilikosa usingizi kwa sababu ya tofauti ya saa: kwetu kunapokucha, wao ndio kwanza wanajiandaa kulala.

Nilikuwa na kasi. Utangulizi wenye kauli moja nzito, aya tatu, kila aya na dondoo lake, kisha hitimisho linalorudia utangulizi kwa maneno mengine. Madondoo nilikuwa nayaokota kwenye tovuti za muhtasari. Kitabu chenyewe? Sikuwa na haja nacho.

Kwa hivyo tulipoambiwa tuandike mradi wa utafiti wa fasihi ya Kiswahili, kurasa arobaini, nilidhani ni mteremko. Nikachagua mada iliyokuwa karibu: "Maudhui na Wahusika katika Siku Njema". Riwaya hiyo ilichapishwa 1996 na iliwahi kutahiniwa katika shule za upili, kwa hivyo miongozo ipo. Dada yangu mkubwa alikuwa bado na wake, umechorwachorwa kwa kalamu. Nikaandika sura mbili kwa siku nne, nikazituma.

Wiki iliyofuata msimamizi wangu akaniita ofisini. Nilipoiona rasimu yangu mezani bila wino mwekundu nikafurahi. Nilidhani sina makosa.

"Kijana," akaniambia, "hebu nikumbushe. Hadithi hii inasimuliwa na nani?"

"Na mwandishi, Daktari."

"Mwandishi. Kwani Walibora ni mtu wa Tanga?"

Nikanyamaza. Mtu yeyote aliyeifungua Siku Njema anajua kwamba anayesimulia ni Kongowea Mswahili mwenyewe, kwa "mimi", tangu mwanzo. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nane bila kugundua hilo. Hakunigombeza. Alinirudishia karatasi zangu, akasema nisimletee kitu tena mpaka niwe na swali ambalo mimi mwenyewe silijui jibu lake.

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Usipowasilisha, jina lako halitokei kwenye orodha ya mahafali, na unangoja mwaka mzima. Nyumbani mama alikuwa ameshatangazia majirani. Mjomba alikuwa ameahidi mbuzi. Mwenzangu mmoja wa ploti akanidokezea kuna jamaa anayeandika miradi ya Kiswahili kwa shilingi 8,000, nusu unatuma kwa M-Pesa kabla hajaanza. Mganga hajigangi, akanitania.

Nilikaribia kutuma. Kilichonizuia si uadilifu. Nilijua tu yule jamaa angeiandika vipi, kwa sababu angeiandika kama mimi.

Nikanunua daftari la kurasa 96 na penseli. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Kila mahali paliponikwaza nikaandika namba ya ukurasa na swali, hata likiwa la kipuzi. Sikuandika "maudhui ya ndoa", sikuandika "maudhui ya elimu". Swali tu. Nilipomaliza nilikuwa na maswali 31. Mengi yalijijibu nilipoyarudia siku ya pili, mengine nikayaonea aibu. Moja likakataa kuondoka.

Jina. Mkenya akisikia Kongowea anafikiria soko la Mombasa. Lakini Kongowea huyu ni kijana wa Tanga, na juu ya jina hilo amevikwa lingine, Mswahili, kana kwamba la kwanza halikutosha. Kisha mwandishi anamtoa pwani na kumsafirisha hadi Kitale kumtafuta babake. Kwa nini kumtwika mtu jina zito la pwani, halafu umpeleke bara, mahali ambapo wengi wamezaliwa katika lugha nyingine? Uswahili wake unafika naye Kitale, au unabaki njiani? Mwongozo wa dada ulikuwa na orodha nzuri ya wahusika na sifa zao. Juu ya hili haukuwa na neno.

Daktari alisoma swali langu akiwa amesimama mlangoni, akielekea darasani. "Sasa keti uandike," akasema, ingawa hapakuwa na kiti.

Nisikudanganye kwamba kutoka hapo mambo yalinyooka. Kosa la kwanza lilikuwa la kujiamini. Walibora alikulia upande wa Trans Nzoia, na ameyasimulia maisha yake katika tawasifu ya Nasikia Sauti ya Mama. Mimi nikarukia hapo: Kitale ipo riwayani kwa sababu mwandishi alikuwa anajisimulia! Nikajaza kurasa mbili. Zilirudi na neno moja pembeni: "Umejuaje?" Nilikaa nalo siku nzima. Maisha ya mwandishi yanaweza kukuonyesha pa kutazama, ila hayawezi kukutolea ushahidi ambao haumo kitabuni. Nikazifuta, na ziliniuma, maana ndizo kurasa zilizokuwa na Kiswahili kizuri kuliko zote.

Halafu nadharia. Nilikuwa nimebandika uhalisia katika sura ya kwanza kwa sababu kila mtu darasani alibandika kitu. Kurasa mbili za historia yake, kisha haikutajwa tena hadi mwisho. Daktari alichora mstari juu yake na kuniuliza inanisaidia kuona nini kuhusu jina la Kongowea. Sikuwa na jibu. Ikaenda.

Yaliyoandikwa na wengine nilianza kuyasoma kwa swali hilo hilo mkononi. Maktaba yetu ina tasnifu za zamani kwenye rafu ya nyuma, zenye vumbi la kutosha. Awali nilikuwa nimeorodhesha tu: fulani alisema hivi, fulani akasema vile, kama anayesoma majina ya waliochanga kwenye harambee. Sasa nilikuwa nauliza kila mmoja alisema nini kuhusu jina. Wengi hawakulisema, na kimya hicho ndicho kilichonipa nafasi yangu.

Kuna jambo lingine, na hili sikulisema ofisini. Kwenye daftari nilikuwa na sehemu mbili za riwaya zilizopinga hoja yangu. Nilizipita kimya kimya. Daktari, ambaye bila shaka aliisoma riwaya hii kabla mimi sijajua kusoma, akaniuliza kuhusu mojawapo. Ikanibidi niandike sura ya tatu upya, na hoja ikawa ndogo kuliko nilivyotaka. Niliwasilisha kurasa 37. Nilipoomba siku mbili nifikishe arobaini, akaniambia niziache hivyo hivyo.

Nilipata B. Mbuzi wa mjomba bado tunamngoja.

Jioni ya siku niliyoutetea mradi, mwenye akaunti alinitumia ujumbe. Oda ya kurasa nane, uchambuzi wa riwaya, kesho asubuhi, malipo mazuri. Nikamuuliza kama mteja ameambatisha kitabu.

"Kitabu cha nini?" akajibu.

Sikuichukua. Nilikuwa nadaiwa kodi ya mwezi mmoja, na keretaka akanifungia mlango siku mbili. Nililala kwa mwenzangu wa ploti, yule wa 8,000.