Macho Yanachoma Msimu wa Kupukuchua? Soma Boksi Kabla ya Kudondosha

Wiki hii naomba tuweke mbegu na mbolea pembeni tuongelee macho. Sijageuka daktari, mimi ni afisa ugani na nitabaki huko huko. Lakini hapa kwetu Kongwa, upepo wa kiangazi ukianza kuvuma na mashine za kupukuchua zikiunguruma asubuhi hadi usiku kuwahi soko la Kibaigwa, swali ninaloulizwa zaidi si la viwavijeshi tena. Ni hili: "Bwana shamba, macho yanachoma kama yana mchanga, nidondoshee nini?"

Swali hilo nilishalijibu vibaya, tena kwenye macho yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nazunguka vijijini kwa pikipiki na kofia ngumu isiyo na kioo cha mbele. Jioni nikirudi, naingiza taarifa kwenye simu mpaka saa nne usiku. Macho yakawa mekundu, yanawasha, asubuhi kope nzito kama zimegandishwa na gundi. Nikaingia duka la dawa nikasema tu, "Nipe dawa ya macho." Nikapewa kichupa. Kesho yake macho meupe pee! Nikafurahi. Kikiisha nanunua kingine, na hivyo hivyo kwa karibu miezi 7.

Siku nilipokwenda kupima miwani, mtaalamu akapima na presha ya macho. Akarudia mara ya pili. Akaniuliza, "Kaka, unatumia dawa gani?" Nikachomoa kichupa mfukoni kwa kujiamini kabisa. Akakigeuza, akanionyesha neno lililoandikwa kwa herufi ndogo: dexamethasone. Hiyo ni steroidi. Inaondoa wekundu haraka, ndiyo maana unaipenda, lakini ukiitumia muda mrefu bila kufuatiliwa inaweza kupandisha presha ndani ya jicho, na presha hiyo huua mshipa wa kuona polepole bila kukuumiza. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Mimi aliniachisha, nikarudi kupimwa mara kadhaa, presha ikashuka na mshipa ukakutwa bado mzima. Uoni unaopotea kwa presha ya macho haurudi, kwa hiyo nahesabu nilipona.

Na ugonjwa wenyewe? Macho makavu tu, basi.

Chozi si maji matupu. Chini kuna ute unaolifanya lishike kwenye jicho, katikati maji, na juu kabisa utando mwembamba wa mafuta unaotoka kwenye vitezi vya kingo za kope. Kazi ya mafuta hayo ni kama ya matandazo shambani: yanazuia maji yasikauke. Upepo, vumbi na jua vikipiga siku nzima, maji yanakauka kuliko yanavyotengenezwa. Simu nayo ina mchango wake. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika, ila ukikodolea kioo kufuatilia bei kwenye magrupu, kupepesa kunapungua sana. Hata vidonge vya mafua na mzio, vile mnavyomeza wakati wa vumbi, baadhi yake vinakausha macho. Na usishangae macho makavu yakitoa machozi chapachapa. Jicho linajitetea, ila maji hayo hayakai.

Sasa, machozi ya bandia ni matone ya kulainisha tu. Hayana antibayotiki wala steroidi, na hayaui kitu. Ukifika dukani usiseme "dawa ya macho", sema "machozi ya bandia, ya macho makavu", kisha soma boksi. Utakuta jina kama hypromellose, carboxymethylcellulose au sodium hyaluronate. Ukiona neno linaloishia na "sone" au "lone", kama dexamethasone, betamethasone au prednisolone, rudisha, hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Yale matone ya kung'arisha macho mekundu nayo siyo haya. Yanabana mishipa ya damu, ukiyazoea wekundu unarudi mkali zaidi.

Matumizi ni rahisi lakini watu wanakosea kila siku. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, hasa wewe uliyetoka kushika viuatilifu. Inua uso, vuta kope ya chini, dondosha tone moja kwenye mfuko wake. Moja linatosha, jicho halina nafasi ya mawili. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Fumba taratibu kama dakika moja, usikaze. Kama una dawa nyingine ya macho, pisha angalau dakika 5 kati yake. Anayevaa lenzi machoni azitoe kwanza, isipokuwa kama maelezo ya chupa yanaruhusu. Yale mazito ya jeli yanatia ukungu kidogo, hivyo tumia ukienda kulala, usidondoshe halafu ukapanda bodaboda.

Chupa nyingi zina kihifadhi cha kuzuia vijidudu. Kwa mara 3 au 4 kwa siku hakuna shida kubwa, lakini ukijikuta unahitaji zaidi ya hapo, kihifadhi chenyewe kinaanza kukera jicho. Tafuta yasiyo na kihifadhi, mara nyingi yanakuja kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Ukishafungua, kitakachobaki tupa. Najua inauma, hela imetoka. Chupa ya kawaida nayo, nyingi mwisho wake ni siku 28 tangu uifungue hata kama imebaki nusu, kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu ubavuni. Isikae kwenye dashibodi ya Canter juani. Wala isizunguke kwa vibarua wote kama kopo la maji, kila mtu na yake. Mwaka 2023 kule Marekani matone ya aina hii yaliyochafuliwa na bakteria sugu yalihusishwa na mlipuko uliopofusha watu kadhaa na wengine kupoteza maisha. Kwa hiyo nunua kwenye duka lililosajiliwa, angalia kama muhuri haujaguswa. Vya mnadani kwenye kitambaa chini, acha.

Kuna mahali machozi ya bandia hayaingii kabisa, na hapa ndipo ninapoogopa. Msimu uliopita kijana mmoja mwenye mashine ya kupukuchua alinisimamisha njiani. "Bwana shamba, nipe yale machozi yako, jicho hili linanisumbua tangu juzi." Nilikuwa nayo mfukoni kweli, na nilishaanza kuyatoa. Nikamwangalia: jicho ni moja tu, la kulia. Limefumba, hawezi kulifungua kwenye mwanga, na anasema kapi la muhindi lilimpiga. Macho makavu kwa kawaida husumbua yote mawili, na hayaumi namna hiyo. Nikairudisha chupa mfukoni, nikampakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya, nao wakampa rufaa siku hiyo hiyo. Akakutwa na kidonda kwenye kioo cha jicho chenye fangasi, wale wanaoingia na mabaki ya mimea. Alitibiwa wiki nyingi. Jicho limebaki na kovu jeupe pembeni, lakini anaona. Steroidi kama ile niliyokuwa natembea nayo zamani ingeuchochea ule ugonjwa. Majani ya kukamua nayo, na tui, msithubutu.

Kiuatilifu au chokaa ikiruka jichoni, usitafute chupa yoyote. Maji safi, mengi, yanayotiririka, fungua kope usuuze dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali na lebo ya dawa mkononi. Na ninyi wafuga kuku ambao macho yanachoma kila mkiingia bandani, hiyo ni amonia ya maranda yaliyolowa. Badilisheni maranda, fungueni mapazia hewa ipite. Kuku nao wana macho.

Kwa upande wangu siku hizi kofia ina kioo, na matone nadondosha asubuhi na jioni miezi ya upepo tu. Ukitumia wiki mbili tatu bila nafuu, nenda kapime. Kwenye mashine, mlishaji akae upepo ukimpiga mgongoni ili makapi yaende mbele, na avae miwani iliyofunika pembeni. Ile ya jua ya urembo inapitisha vumbi lote. Yule kijana sasa ametundika miwani miwili kwenye kamba pale kwenye mdomo wa mashine, na kibarua asiyevaa hawashiwi injini. Wameshamnunia, kisha wakazoea.