Waya wa intaneti uliotusikilizisha sauti ya Bi Mkubwa

Miezi miwili iliyopita panya aliingia majlis yetu hapa Seeb akazitafuna nyaya za spika. Spika zenyewe si za fahari, ni mbili za mbao na amplifaya ya zamani. Lakini mdogo wangu wa kike alikuwa anakuja kutoka London, na nilimuahidi tutasikiliza kaseti ya marehemu mama yetu.

Wakubwa mnakumbuka. Miaka ya themanini wengi wetu tulipelekeana kaseti badala ya barua. Hii Bi Mkubwa aliileta kutoka Unguja kwa mjomba, Maskati, alikokuwa akikaa mdogo wangu. Imebaki hiyo moja tu.

Nikaenda Ruwi kutafuta waya. Muuzaji akanitolea uliofungwa kama zawadi ya harusi, riali 38, akaniambia sauti "itafunguka". Nikamshukuru nikatoka. Mimi nimefundisha Fizikia miaka mingi katika sekondari ya misheni kule bara, mtoto wa Kiarabu katikati ya mapadri. Georg Ohm naye alikuwa mwalimu, skuli ya Majesuiti mjini Cologne, na kitabu chake kikatoka 1827. Nilichokuwa nikiandika ubaoni kila mwaka ni hiki: waya ukiwa mnene na mfupi, ukinzani wake unakuwa mdogo. Spika haitaki zaidi ya hapo.

Mjukuu wangu wa miaka kumi na tatu akaniletea kipande cha kebo ya mtandao, mita 12, kilichobaki fundi alipotutilia intaneti. "Babu, kwani huu si waya?"

Ni waya, tena mzuri. Ndani ya kebo hiyo, ile inayoandikwa Cat5e, mna nyaya nane za shaba zilizosokotwa mbili mbili: buluu, chungwa, kijani na kahawia, kila mmoja na mwenziwe mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Kila waya una unene wa nusu milimita hivi. Ukiunganisha nne pamoja, kwa mita 5 ukinzani wa kwenda na kurudi ni kama omu 0.2. Spika zetu ni za omu 8, na mafundi husema waya usizidi asilimia 5 ya hiyo, yaani 0.4. Tumo ndani.

Kazi ni hivi. Kwanza kwaruza ncha kwa kisu. Ndani ikitokea nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika upesi na ukinzani wake ni mkubwa, iache. Ikiwa ni shaba tupu, chubua ganda la nje sentimita 5 kila upande. Nyaya nne za rangi kamili zisokote pamoja, hizo ni chanya. Nne nyeupe zenye mistari ni hasi. Menya ncha sentimita moja, kisha zungushia tepu ya umeme ili chanya na hasi zisigusane, maana zikigusana amplifaya inaweza kuungua. Wakati wa kufunga, amplifaya iwe imechomolewa. Na kebo hii usiitumie kamwe kwa umeme wa ukutani, ule wa volti 240.

Usiku ule tukakaa, kahawa na tende mbele yetu. Nikabonyeza. Sauti ikatoka nyembamba, imetawanyika, kama mtu anasema kutoka vyumba viwili. Mdogo wangu akanitazama. "Kaka, huyu siye mama."

Nikadhani utepe umekufa. Wallahi niliingiwa na baridi. Mjukuu akainama nyuma ya spika na tochi ya simu. "Babu, hapa umetia nyeupe kwenye nyekundu." Kweli. Kwa macho yangu ya sasa, mweupe wenye mstari wa chungwa na wa chungwa wenyewe ni mamoja. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati nyengine inavuta, na sauti zikawa zinauana, khasa zile nzito.

Tukazima, tukageuza, tukawasha tena. Bi Mkubwa akatokea katikati ya majlis, anawataja watoto mmoja mmoja. Alipofika kwa mdogo wangu akauliza, "Na wewe mwanangu, nywele unazitia mafuta?" Mwanamke wa miaka hamsini na kitu akajifunika uso kwa mtandio.

Kesho yake mjukuu aliihamishia kaseti kwenye kompyuta. Wenye kaseti kama hizi ndani ya makabati, msingoje mgeni wala Idi. Utepe nao unazeeka kama sisi. Na mkifunga waya, mwiteni mtoto mwenye macho mazima akague rangi kabla hamjawasha.